Wanaouguza wazazi wanaosahau, someni hii

Wapendwa habari za jioni, jana nilikua Igoma hapa Mwanza kwa bibi mmoja, sufuria imeungua mara ya pili wiki hii, mjukuu bibi anamuita kwa jina la shangazi yake marehemu, na majirani washaanza maneno ya uchawi eti macho mekundu, jamani ni moshi wa kuni wa miaka yote hiyo! Huu ni ugonjwa wa ubongo, sio kurogwa. Msibishane nae, akisema anaenda soko la Mwaloni kununua dagaa muulize atawapikaje, atakaa mwenyewe akuelezee. Ila akichanganyikiwa ghafla mkimbizeni hospitali, inaweza kua malaria au sukari. Jumamosi saa nne tunakutana Kirumba palepale, na nyie mnaouguza mkachoka njooni, hasa nyie.