Fremu ya chuma ya mtumba: kagua kabla ya kulipa

Mhariri,

Wanaonunua baiskeli kuukuu za milimani hapa Mbeya hutazama rangi, kumbe ubovu uko chini yake. Pitisha kidole upande wa chini wa mabomba, karibu na shingo: ukihisi mkunjo, au rangi imepasuka kwa kukingama, fremu hiyo iligonga. Iache. Kisha chomoa bomba linaloshika siti. Likigoma, alumini na chuma vimeng'ang'aniana kwa kutu, na fundi atahangaika kutwa nzima. Likitoka, pindua fremu. Maji yenye unga mwekundu yakimwagika, imeoza pale kwenye ekseli ya pedali. Mvua zetu ndimo zinamotuama. Pima pia nafasi ya gurudumu la nyuma, kati ya ncha mbili za fremu zinazoshika ekseli: milimita 135 hupokea habu (vitovu vya gurudumu) nyingi za gia, 130 ni ya zamani zaidi.

Fundi baiskeli,
Mwanjelwa, Mbeya