Kimya cha ufadhili kina kazi zake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kuanzia Februari hadi Julai ni msimu wa kuchungulia simu. Kutoka Tukuyu hadi Mafinga kuna walimu, wauguzi, maofisa kilimo na wahitimu wa vyuo vya Mbeya na Iringa waliotuma maombi ya kwenda kusoma au kufundisha nje, na sasa hawajui kama wamesahauliwa au foleni bado haijawafikia. Semina zinazoendeshwa huku kwetu huwafikisha siku ya kubonyeza kitufe cha kutuma, zikaishia hapo. Miezi inayofuata kila mtu anajijua. Ndiyo maana kila mwaka wapo wanaochaguliwa mwezi wa sita, safari ikafia mwezi wa nane kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa.

Tuanze na kimya chenyewe, maana wengi hukisoma vibaya. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na Serikali ya Uingereza tangu 1983, hufungua dirisha Agosti na kulifunga mapema Oktoba. Maombi huchujwa, yakasomwa na kamati, kisha wanaoitwa kwenye usaili hujulishwa mwanzoni mwa mwaka. Usaili wenyewe huendelea hadi karibu Aprili, na majibu huanza kutoka Juni. Hiyo ni miezi minane. Anayelalamika Desemba kwamba amepuuzwa ni sawa na aliyeingia shambani na kikapu wakati mahindi yako magotini.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ina mwendo tofauti. Kila shahada inaendeshwa na kundi la vyuo vya nchi kadhaa, na kila kundi lina tarehe zake. Mengi hufunga Januari au Februari na kutoa majibu kati ya Machi na Mei. Majibu yenyewe yako ya aina tatu: orodha kuu, orodha ya akiba, na waliokosa. Waliowekwa akiba ndio wanaoteseka zaidi, kwa kuwa wanaoitwa katika orodha kuu huwa wameomba sehemu nyingi na wengine hukataa nafasi. Kila anayekataa anamsogeza mmoja wa akiba, na kusogea huku kunaweza kufika hadi Julai au Agosti. Aliye namba ya tatu akiba ana sababu ya kuandaa pasipoti. Aliye namba ya arobaini aendelee na maisha, ila asiifunge barua pepe.

Walimu wa Kiswahili wanaujua zaidi mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Huo humpeleka kijana mwenye shahada katika chuo cha Marekani kwa miezi tisa, afundishe hadi saa 20 kwa wiki na asome angalau masomo mawili kila muhula, bila kupata shahada. Hapa kuna jambo linalowachanganya hata waliopita usaili. Ubalozi wa Marekani unapendekeza jina, halafu majalada yanapelekwa Marekani, ambako chuo chenye somo la Kiswahili ndicho kinachomchagua mtu wake. Vyuo vikiwa vichache kuliko majina, aliyefaulu usaili Dar anaweza kukosa pa kwenda, na si kwa kosa lake. Juu ya hayo, tangazo la Rais wa Marekani la 16 Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, limeiingiza Tanzania katika nchi zilizosimamishiwa viza za B (wageni), F na M (wanafunzi) na J (programu za kubadilishana), na J ndiyo viza ya mpango huu. Misamaha ipo, lakini ni ya mmoja mmoja. Kwa maoni yetu, mwenye ombi la Marekani aliache liendelee, ila asiache kazi, asikodishe nyumba yake wala asiuze ng'ombe kwa kulitegemea.

Sasa makaratasi. Linaloongoza kwa kuangusha watu huku kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwaki-, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Mwaky-, cheti cha kidato cha nne kimeruka jina la katikati, na shahada imeweka jina la ukoo mwanzo. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa udahili asiyejua Mnyakyusa ni nani wala Uhehe uko wapi, hao ni watu wanne. Ushauri wetu ni kuchukua cheti cha kidato cha nne kama mama wa majina yote, kwa sababu hicho ndicho kigumu kubadilika na ndicho ambacho transkripti (orodha ya alama zako za chuo) na shahada hukifuata, kisha uzirekebishe nyaraka nyingine zikifuate. Anza na cheti cha kuzaliwa, ambacho maombi yake hupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya au kwa mtandao. Nenda NIDA baada ya hapo. Pasipoti iwe ya mwisho, maana inachota taarifa kutoka kwenye hizo mbili. Kwa tofauti ya herufi moja au mbili, hati ya kiapo mbele ya wakili mara nyingi inapokelewa. Jina likiwa limebadilika lote, utaombwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haipatikani kwa siku mbili. Ukigeuza mpangilio huu, ukakimbilia pasipoti kwanza, utailipia mara mbili. Pasipoti ya kawaida ni Sh150,000 na inadumu miaka 10, kwa hiyo hakuna hasara kuwa nayo hata ukikosa ufadhili mwaka huu.

Transkripti nayo ina kimya chake. Omba nakala tatu mapema, na uliza chuo chako kama kinaweza kuzituma chenyewe moja kwa moja, maana vyuo vingi vya nje havipokei iliyopitia mkononi mwa mwombaji. Ukiwa na deni la ada au kitabu cha maktaba ambacho hukurudisha, dirisha la transkripti litafungwa hadi ulipe. Ni heri kulijua hilo Machi kuliko Julai.

Kwa wa Chevening kuna mtego mmoja ambao hauonekani hadi umekunasa. Kuchaguliwa hakutoshi. Lazima uwe na barua ya udahili isiyo na masharti kutoka chuo kimojawapo kati ya kozi tatu ulizochagua, na tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha huwa Julai. Barua nyingi za kwanza huja na masharti, na sharti la kawaida ni matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Mtu anasubiri matokeo ya ufadhili Juni ndipo ajisajili mtihani, anakuta nafasi za karibu zimejaa, na Julai inampita. Matokeo ya IELTS na TOEFL yanadumu miaka miwili, hivyo kufanya mtihani Februari au Machi hakukupotezei kitu isipokuwa ada ambayo ungeilipa tu. Kabla ya kulipa, kiandikie chuo uulize kama kitakubali barua ya chuo chako cha hapa inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vingine hukubali, na hapo umeokoa fedha nyingi. Anayefikiria mtihani wa nyumbani kwa kompyuta akumbuke kwamba umeme ukikatika katikati, mtihani unaweza kufutwa. Asiufanye kwa bando la simu, na kompyuta iwe inashika chaji.

Kipimo cha kifua kikuu ndicho kinachohitaji hesabu ya kalenda. Mtanzania anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa katika kituo kinachotambuliwa, kilichoko Dar es Salaam chini ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), na cheti kinadumu miezi sita. Ukipima Februari kwa pupa, kitakwisha kabla hujaomba viza. Ukipima katikati ya Agosti, umwombe Mungu picha ya eksirei iwe safi kabisa, kwa sababu ikionyesha kovu au kivuli chochote utaombwa makohozi, na majibu ya kuoteshwa kwa makohozi huchukua hadi miezi miwili. Chuo kinafunguliwa Septemba. Kwa hiyo mwenye nafasi nzuri apime Juni, na aliyewahi kutibiwa kifua kikuu apime mara tu apatapo jibu, akiwa na kadi yake ya matibabu kutoka kliniki. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ya basi, na ukiondoka hapa Iringa bado unaushuka mlima wa Kitonga kabla jua halijachomoza vizuri. Weka kipimo na miadi ya viza katika safari mbili, zisiwe tano. Waliochaguliwa Ulaya wajue pia kwamba baadhi ya nchi hazitoi viza Dar, na mwombaji huelekezwa Nairobi. Swali la kwanza la kuuliza ni ubalozi upi unaohusika na nchi ya chuo utakachoanzia.

Fedha. Erasmus Mundus hulipa euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na nauli, viza na kodi ya chumba vyote vimo humo humo. Malipo ya kwanza mara nyingi huingia baada ya kufika na kufungua akaunti. Kwa maneno mengine, tiketi na mwezi wa kwanza vinatoka mfukoni mwako au kwenye SACCOS yako. Mkopo wa aina hiyo una masharti ya kuwa mwanachama kwa muda fulani, basi jiunge wakati unasubiri.

Saa nazo zimeua maombi ya watu hodari. Tangazo likisema 12:00 mchana London, wapo wanaosoma saa kumi na mbili na kudhani wana muda hadi jioni. Ni saa sita mchana yao, ambayo kwetu ni saa nane mchana wanapokuwa kwenye majira yao ya joto na saa tisa alasiri katika majira ya baridi, baada ya wao kurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Likisema 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira, ni saa tisa alasiri siku zote. Hesabu hii inahusu pia muda wa usaili na tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi.

Kuhusu kuulizia: subiri hadi tarehe waliyoitangaza wenyewe ipite, ongeza wiki mbili, kisha andika ujumbe mmoja wa mistari minne wenye namba ya ombi, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na swali moja tu. Kuandika kila Jumatatu hakuharakishi kitu. Fungua folda ya barua taka kila siku ya pili. Usibadili namba ya simu, na kama uliomba kwa barua pepe ya shule au ya mradi unaokwisha Juni, omba anwani ibadilishwe sasa. Wajulishe pia walioahidi kukuandikia mapendekezo, maana Chevening huzidai barua hizo mbili baada ya kukuita kwenye usaili, na huenda mkuu wako wa idara amestaafu na kurudi kwao Makete. Anayekuandikia kwamba umechaguliwa, tuma kwanza ada ya kushughulikia jalada kwa M-Pesa, huyo ni mwizi. Chevening, Fulbright na Jumuiya ya Madola hawatozi ada ya kuomba.

La mwisho linawahusu wakurugenzi wa halmashauri, na ndilo lililotusukuma kuandika. Mwalimu wa serikali hawezi kuondoka bila ruhusa ya masomo, na barua yake hupanda kutoka kwa mkuu wa shule kwenda kwa Ofisa Elimu Kata, kwa Ofisa Elimu wa wilaya, hadi kwa mkurugenzi. Kisha kuna kibali cha kusafiri nje. Akiondoka bila hivyo, ni mtoro kazini, na anaporudi na shahada yake hakuti cheo wala mshahara. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi hazipokei ombi la ruhusa hadi mwalimu awe na barua ya ufadhili mkononi, ambayo inafika Juni au Julai, wakati shule na ofisi ziko likizo au kwenye kufunga mahesabu ya mwaka wa fedha. Tunaomba ombi lipokelewe pale mwalimu anapoitwa kwenye usaili, Februari au Machi, likiwa na sharti kwamba ruhusa itatumika endapo atachaguliwa. Jina lake liingie katika mpango wa mafunzo wa halmashauri wa mwaka unaofuata, na mwalimu wa kushika vipindi vyake aanze kutafutwa mapema. Akikosa, karatasi inafungwa na hakuna aliyepoteza senti. Walimu nao waache kuficha maombi yao kwa kuogopa kuchekwa wakikosa. Mkuu wa shule aliyejulishwa Februari hupitisha barua kwa siku moja, na aliyeshtukizwa Agosti wiki mbili kabla ya ndege anayo kila haki ya kuuliza kidato cha nne atakiachia nani.

Walimu wawili,
Kihesa, Iringa