Kamateni dumu, msimkamate mchuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maziwa mabichi yanayouzwa hapa Tanga. Kila hoja ya usalama wa maziwa inapoibuka, wapo wanaotaka mchuuzi wa baiskeli na pikipiki apigwe marufuku, watu wote wanunue ya pakiti. Marufuku hiyo haitamwondolea mama wa Makorora au Ngamiani hamu ya maziwa yenye malai. Maziwa mengi ya pakiti hupitishwa kwenye mashine inayovunjavunja mafuta yasielee juu, kwa hiyo yakichemshwa hayafanyi utando mnene, naye mnunuzi hudhani yametiwa maji. Tena mchuuzi humpimia nusu lita, humkopesha hadi mwisho wa mwezi, na hufika mlangoni. Akifukuzwa barabarani ataingia vichochoroni, na huko hakuna wa kumpima.

Kinachodhuru kwanza ni dumu. Dumu la plastiki la lita 20, lililokuwa la mafuta ya kula, lina mdomo mwembamba usiopitisha mkono. Mafuta ya maziwa hunasa kwenye mikwaruzo ya ndani na chini ya mkono wa kushikia, vijidudu vikafanya makao. Wengi hulimwagia maji ya moto papo hapo wakidhani ndiyo usafi, kumbe protini huiva na kugandamana ukutani. Keni ya aluminiamu yenye mdomo mpana husuuzwa kwanza kwa maji ya baridi, ikasuguliwa kwa brashi, sabuni na maji ya moto, ikasuuzwa tena, kisha ikafudikizwa juu ya kichanja juani ikauke kabisa. Unyevu ukibaki, kazi yote imepotea.

Halafu kuna muda. Kwa joto letu la pwani, vijidudu vikishaanza kuzaana vinaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Kwa saa nne, kimoja kimekuwa 256. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri upande wa Muheza yakazungushwa mitaani bila kupozwa hadi saa nne asubuhi yameshaanza safari ya kuchachuka, hata kama ng'ombe alikuwa mzima na mkamuaji msafi.

Kwenye upimaji ndiko haki inakopotea. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe ni uzito usiopungua gramu 1.028 kwa mililita kwenye nyuzi 20 za Selsiasi; laktometa, chombo cha kupimia uzito huo, huusoma 28. Maziwa ya moto huwa mepesi. Kwa laktometa iliyotengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20, kila nyuzi moja ya joto inayozidi inataka uongeze 0.2 kwenye usomaji. Maziwa ya nyuzi 30 yakisoma 27, hesabu yake halisi ni 29, yaani hayana kosa. Anayepima bila kipimajoto, au povu likiwa bado juu, humhukumu mtu mwaminifu kwamba ametia maji. Na mjanja anayeengua malai kisha akaongeza maji husoma sawasawa kabisa, kwa sababu kuengua hupandisha usomaji na maji huushusha. Huyo hanaswi na laktometa; hunaswa na kipimo cha mafuta.

Kipimo cha alkoholi ni rahisi: mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 70 hivi, tikisa taratibu. Vikitokea vipunje kwenye ubavu wa chupa, kataa. Aghalabu yameanza kuchachuka na yatakatika jikoni. Yanuse pia, maana kuna wanaotia magadi kuficha uchachu.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachoona vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Vijidudu hivyo huuawa na moto: nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15 kiwandani. Nyumbani, chemsha mpaka yatokote, punguza moto, koroga dakika chache, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji yapoe upesi. Yakiachwa jikoni usiku kucha, mbegu za vijidudu zilizovuka moto huamka. Na dawa aliyochomwa ng'ombe haiondoki kwa kuchemsha. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa uheshimiwe.

Bodi ya Maziwa ipo kwa sheria ya 2004, na usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Ombi langu kwao na kwa halmashauri ni kibali cha mchuuzi kitolewe kwa masharti manne tu: keni, mafunzo mafupi, maziwa yake kupimwa kituoni kabla ya kuingia mjini, na kipimajoto kando ya kila laktometa. Kenya iliwapa wachuuzi wadogo mafunzo na leseni badala ya kuwafukuza.

Ukali wote wa marufuku uelekezwe kwenye mtindi uliogandishwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Maziwa mabichi mnunuzi atayapeleka jikoni. Mtindi huunywa pale pale kibandani, kwenye bilauri, na uchachu wake hauui vijidudu vya kutupa mimba kwa siku moja au mbili. Chemsha kwanza, poza hadi vuguvugu, ndipo utie kianzio cha kugandishia.

Mtaalamu wa maziwa,
Pongwe, Tanga