Kwa nini mwanafunzi wetu hagusi mashine wiki nne za kwanza

Juzi mama mmoja aliingia atelie kwetu hapa Bukavu, hata kiti akakataa. "Fundi, mwezi muzima mutoto hayagusa mashine! Ile franga nilitoa inalipa nini?" Ni mzazi wa tatu mwaka huu, basi acha nijibu mara moja kwa wote.

Mtoto wake anajifunza kukereza, yaani kuchonga mbao ikizungushwa na mashine, na ni mabakuli ya vipande vilivyounganishwa kwa gundi, si yale ya gogo moja. Bakuli letu la kawaida lina pete saba zilizopandana, kila pete vipande 12. Hivyo ni vipande 84, kitako bado. Kila kipande kinakatwa digrii 15 huku na huku, kwa kuwa pete ina mikato 24. Msumeno ukikosea robo ya digrii, jicho halioni kitu. Lakini zidisha mara 24: unakosa digrii 6, na pete ya kipenyo cha sentimita 25 inabaki na mwanya wa zaidi ya sentimita moja. Mashine itamsaidia nini hapo?

Najua "dawa" ya mtaani: unga wa mbao na gundi, ziba, piga msasa, paka vanishi. Kijana mmoja alitutoroka wiki ya pili, akakodi mashine kwingine, akaziba hivyo hivyo. Ukuta wa bakuli ulipofika unene wa milimita 6 hivi, pete iliachana ikiwa mbioni, kipande kikapasua taa ya dari. Usoni hakuvaa kinga yoyote. Alirudi, akalipa upya toka mwanzo, na sikumpunguzia kitu.

Sisi tunaunga nusu mbili kwanza. Kwenye maungio mawili ya mwisho hatutii gundi, tunachomeka vijiti tu na kufunga pete yote kwa mkanda wa chuma, ule wa kubania mipira ya maji. Gundi ikikauka, kila nusu inasuguliwa ncha zake juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka. Halafu zinagusanishwa na kuinuliwa dirishani. Mwanga ukipita, rudia. Huyo mtoto wa mama amerudia mara tisa, ya kumi haikupitisha kitu. Mwezi wake ulikwenda huko. (Kukata ni asubuhi tu, jioni umeme unashuka, msumeno unachoka na pembe inahama.)

Wengine wanakuja na mbao zao ili bei ishuke. Sikatai. Ila mbao ya libuyu au muvula iliyonunuliwa juzi na mvua hizi za Bukavu bado ina maji, na ikikauka ndani ya bakuli maungio yanafunguka. Ipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ilete. Kwetu mbao inakaa darini mwaka mzima kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na huo mwaka ndio unaoukuta kwenye bei.

Kitako nacho! Papa mmoja, mteja wetu, alishikilia apate ubao mmoja mpana, uzuri wa nyuzi uonekane. Nilimweleza kwamba mti hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu si kitu, na nyuzi za pete zimezunguka mduara, kwa hiyo pete haibadiliki sana. Kitako kipana kikigandishwa pale kitavutana na pete mpaka kimoja kipasuke. Akasema natafuta kumuuzia kazi ya ziada, basi nikamfanyia alivyotaka. Mwezi wa saba, kiangazi, alilirudisha lina ufa unaopitisha kucha, akidai nimemwibia. Nilimtengenezea kitako kingine cha vipande, na alilipa. Sasa atakayetaka kitako cha ubao mmoja mpana anatia sahihi kwanza.

Darasa ni wiki nane, dolari 120, gundi na msasa ndani. Kinga ya uso tunaazima bure. Yule mama nilimwonyesha ile pete iliyokubali mara ya kumi. Aliigeuzageuza dirishani, akauliza kama bakuli likiisha litakuwa lake.