Malipo si hapa hapa, Rehema

Mombasa, Jumapili jioni

Mpenzi shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatutoa jasho.

Ujumbe wako kuhusu yule fundi aliyekula pesa za makabati nimeusoma. "Karma itamshukia," umesema, yaani matendo yake yatamrudia. Nimecheka, unisamehe. Tangu nianze ukarani kwenye duka la Wajaini, wale wa dini ya kale ya India, neno hilo nalisikia kivingine.

Kwa bosi wangu karma si askari wa kumshukia mtu. Ni vumbi, tena vumbi la kweli: chembe ndogo mno zinazoiganda roho. Hasira, majivuno, hila na tamaa ndizo gundi yake. Ndiyo maana hali viazi wala vitunguu, kwani kwa imani yao mzizi mmoja una roho chungu nzima na kuzidhuru huongeza vumbi hilo, na jua likizama hali kitu. Kufunga huichoma karma ya zamani. Mwaka jana kwenye Paryushana, sikukuu yao ya kufunga, alishinda siku 8 kwa maji ya kuchemsha tu. Siku ya mwisho akaja mezani kwangu, akakutanisha viganja: "Michhami dukkadam." Yaani, kwa kila nililokukosea, niwie radhi. Mimi, karani wake! Nilibaki nimeduwaa.

Wabudha wanawapinga Wajaini. Tajiri mmoja Mjaini, Upali, alimwendea Buddha kutetea kwamba tendo la mwili ndilo zito kuliko yote. Buddha akamjibu kuwa zito ni la moyoni. Nia ndiyo karma. Upali akageuka mfuasi wake. Ila Wabudha hao hao hawakubali kuna roho ya kudumu. Maisha huvuka kama moto wa taa moja unaowasha nyingine. Hapo kichwa kinaniuma.

Wahindu nao wana njia nyingi, ingawa wengi husema Mungu ndiye anayegawa matunda ya matendo. Katika Upanishadi moja, yaani maandiko yao ya kale, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa mtu akifa yeye mwenyewe huwa wapi. Akamshika muulizaji mkono, wakajitenga na watu, wakazungumza karma tu.

Kwa hiyo malipo ya fundi wako huenda yakachelewa hadi maisha mengine huko mbele, na wewe utakuwa huna makabati. Nenda kwa mzee wa mtaa kesho. Ile risiti unayo, au uliitupa?

Wako,
Mwanaidi