Msimuue Huyo wa Pili

Mwalimu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kilifi. Sisi huku hatujambo, Bibi bado analalamikia goti lake lakini anakusalimu, na Mama Neema anauliza kama ule mkeka ulikufika. Mengine nitayaandika siku nyingine, kwa maana ujumbe wako kuhusu yule nyoka umenikosesha raha, na ningependa jibu langu likufikie kabla kamati ya shule haijakutana.

Unasema wanafunzi walipokuwa wakilima bustani walifukua nyoka wawili mchangani, mmoja wakamuua papo hapo, na yule wa pili mwenye tumbo nene mmemtia ndani ya pipa stoo mpaka wazee waamue. Picha uliyonitumia nimeitazama sana. Mabaka ya kahawia juu ya ngozi ya rangi ya machungwa, tumbo jeupe, macho madogo mno, shingo isiyoonekana ilipoanzia na mkia mfupi: huyo si kifutu mchanga kama anavyoshikilia Baba Juma. Huyo ni boa wa mchanga, ambaye wanasayansi humwita Eryx colubrinus. Hana sumu hata kidogo, na makazi yake ni nchi kavu kuanzia Misri na Sudan, kupitia Ethiopia na Somalia, hadi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Hapo Voi ni nyinyi mliojenga shule juu ya mchanga wake.

Mweleze Baba Juma kwa upole, kwa sababu hofu yake ina msingi. Kifutu yupo huko na huua watu. Lakini kifutu ana kichwa kipana kilichoachana waziwazi na shingo, na akikasirika hujijaza hewa na kufoka kwa sauti kubwa. Boa wa mchanga hujizika, akaacha macho na pua tu juu, akangoja panya au mjusi apite, kisha humdaka na kumkaba kwa mizingo ya mwili wake. Wengi tulifundishwa kwamba windo hufa kwa kukosa pumzi. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa Marekani kwa boa mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mkazo ule husimamisha mzunguko wa damu kwanza, na ndiyo maana panya hulegea upesi hivyo. Fikiria ghala lenu la mahindi, kisha uwaulize wanakamati ni nani anayepunguza panya bila malipo.

Sasa nirudi kwa huyo wa pili, kwa kuwa ndiye sababu ya barua hii. Nina hakika karibu yote kwamba ni jike mwenye mimba. Majike wa aina hii ni wakubwa kuliko madume, na hawatagi mayai kama chatu, bali huzaa watoto walio hai baada ya kuwabeba tumboni kwa miezi kadhaa. Katika muda huo wote jike hutafuta joto ili watoto wakue vizuri, na stoo yenu yenye sakafu ya saruji ni baridi mno kwake. Kila siku anayokaa humo inamdhuru yeye na watoto wake.

Unakumbuka tulivyobishana chuoni kama chatu na boa ni kitu kimoja? Wanafanana kwa kukaba mawindo, lakini ni koo zilizoachana zamani sana, na boa wengi huzaa ilhali chatu wote hutaga. Kisiwa cha Madagaska kina boa wakubwa na hakina chatu hata mmoja, wakati huku bara chatu ndiye mkubwa na ukoo wa boa umebakiwa na hawa wafupi wa mchangani, pamoja na yule wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, Calabaria, ambaye hutaga. Na jambo linalonishangaza zaidi liko Oman, kwa kina Shangazi: boa wa mchanga wa Uarabuni, Eryx jayakari, naye hutaga mayai, ingawa jamaa zake wengi huzaa. Mwaka 2010 watafiti Vincent Lynch na Günter Wagner walitoa hoja kwamba wahenga wake walikuwa wamekwisha kuacha kutaga, kisha ukoo wake ukarudia mayai, na watoto wake hawana lile jino la kupasulia ganda ambalo nyoka wengine wanaoanguliwa huwa nalo. Mtu anawezaje kusoma habari hiyo kisha akamwona nyoka huyu kuwa mdudu wa kupondwa kwa jembe?

Yule aliyeuawa, kama hamjamzika, waonyeshe wanafunzi vijikucha viwili kandokando ya tundu la haja, chini, karibu na mkia. Kwa dume huonekana vizuri zaidi. Hayo ni mabaki ya miguu ya nyuma. Waambie pia kwamba Ajentina kulipatikana mabaki ya nyoka wa kale, Najash, aliyetangazwa mwaka 2006, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa bado ipo. Somo la mageuzi ya viumbe mnalo mkononi, na kwa bahati mbaya mmelilipia.

Jambo moja bado linanitia wasiwasi. Yule mgeni aliyekuja kuulizia bei asipewe nyoka huyo. Boa hawa hufugwa sana Ulaya na Marekani, na biashara yao kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Hapa kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuwauza bila kibali. Wapigieni simu maofisa wa wanyamapori waje wamrudishe mchangani, karibu na alipotolewa, na mtu yeyote asimshike kwa mkono.

Je, pipa lina matundu ya hewa? Nani ana ufunguo wa stoo? Mwalimu mkuu yuko upande gani, na kamati inakutana lini hasa? Unaweza kuwasomea barua hii, au nije mwenyewe Ijumaa kwa treni?

Ni mimi dada yako,
Kilifi