Kwa nini tunakuuliza habari za sigara na pombe kabla ya kukuangalia meno

Mtu amekuja kuziba jino. Tunampa fomu, na katikati ya fomu anakutana na maswali ya sigara, ugoro na pombe. Wengine hucheka. Wengine huandika "hapana" haraka haraka, halafu wakifungua kinywa meno yanatoa ushahidi mwingine. Hatuulizi ili kumsema mtu. Majibu hayo ndiyo yanayomwonyesha daktari pa kutazama kwa makini zaidi anapotafuta dalili za saratani ya kinywa.

Jibu tunalolisikia sana ni "sivuti". Ukimdadisi, kumbe anatafuna tumbaku, au huweka ugoro nyuma ya mdomo wa chini. Sasa hapo moshi umekosekana, lakini sumu ya tumbaku ipo, tena inakaa mahali pamoja kwa saa nzima. Ndiyo maana mara nyingi baka hujitokeza palepale mtu anapoweka tonge lake. Tambuu nayo ina lake: popoo yenyewe, ile kokwa inayofungwa ndani ya jani la tambuu, hata bila tumbaku ndani, inajulikana kusababisha saratani ya kinywa. Kwa baadhi ya watafunaji nyama za mashavu hukakamaa taratibu hadi kinywa kikawa hakifunguki vizuri.

Pombe watu huisamehe upesi. Wanaiogopea ini tu. Lakini mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na bakteria walioko mdomoni huanza kazi hiyo kabla hata hujameza vizuri. Pia pombe huifanya ngozi laini ya kinywa ipenyeke kwa urahisi, kwa hiyo anayekunywa huku anavuta anazifungulia mlango sumu za tumbaku. Hatari za viwili hivyo hazijumlishwi, zinazidishana. Mteja anayetuambia "navuta nikiwa nakunywa tu" hudhani ametupa habari njema!

Jua kali la miaka mingi huleta saratani ya mdomo, hasa wa chini, kwa wanaofanya kazi nje. Virusi vya HPV, vilevile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi na ambavyo huambukizwa pia kwa ngono ya mdomo, huhusika zaidi na saratani ya nyuma ya koo, kwenye shina la ulimi na mafindofindo. Hilo hatuliulizi kwenye fomu, ila chanjo ipo.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache na hauumi. Daktari hushika ncha ya ulimi kwa shashi na kuuvuta huku na huku, kwa sababu saratani hupenda kingo za ulimi na sakafu ya kinywa, sehemu ambazo mwenyewe huzioni kwenye kioo. Kisha hupapasa shingo kutafuta uvimbe. Anatafuta baka jeupe lisilofutika, baka jekundu (hili hututia wasiwasi zaidi kuliko jeupe) na kidonda kilichopitisha wiki 2 bila kupona. Mwanzoni mara nyingi haviumi, na hapo ndipo watu hujidanganya. Kama kidonda kinasuguliwa na jino lenye makali au meno bandia, tunarekebisha hilo kwanza na kukupangia siku ya kurudi. Kisipopona, tunakupa rufaa ukakatwe kinyama kidogo kipimwe maabara. Kwa macho matupu hakuna daktari anayeweza kuthibitisha saratani.

Wanaovuta kwa muda mrefu hutuuliza kama kuacha sasa kuna faida yoyote. Ipo. Kati ya miaka 5 na 10 baada ya kuacha sigara, hatari ya saratani ya kinywa hushuka kwa karibu nusu. Ila mabaka yaliyokwisha kujitokeza bado yanahitaji kufuatiliwa.

Basi ukija, jaza fomu ile kwa ukweli. Ukiona haya kuandika mbele ya mtu uliyekuja naye, acha nafasi wazi, utamwambia daktari mkiwa wawili ndani.